Fundi Mluzi na Sikio la Kuazima

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mama wa makamo, amevaa gauni la maua, ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari lisilo na boneti, na mpira mwembamba wa kijani umemwingia sikioni. Mpira huo unatokea dirishani, unapita juu ya tairi, unazama kwenye injini na kuishia kwenye kipande cha bomba la shaba kilichobanwa kwa boliti ubavuni mwa injini. Sikio la pili amelijaza pamba. Mapajani ana shati la mteja, na wakati anasubiri anashona vifungo.

"Leo anapimwa presha mama au linapimwa gari?" anauliza fundi matairi wa jirani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Wote wawili," mama anajibu bila kuinua macho. "Na wewe ukiendelea kupiga domo utapimwa pia."

Uvunguni mwa gari inaonekana miguu miwili na viatu vilivyolowa oili. Ni miguu ya mumewe. Anarudia kukaza boliti ya mwisho ya bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, na hacheki. Kwa kawaida angecheka. Wanaomfahamu wanasema huyu ni mtu wa mzaha tangu anafungua gereji hadi anafunga, lakini leo yuko kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mtaani wanamwita Mluzi. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa kuyapa magari madogo nguvu ambayo kiwanda hakikuyapa. Anafunga turbo kwenye magari yaliyozaliwa bila turbo, kwa vyuma vya kuokoteza na kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitaja bila kukaa chini kwanza. Turbo ikiingia kazini hupiga mluzi, na jina likatokea hapo.

Mkewe anaitwa Mama Mapacha. Mapacha wenyewe wameshakuwa watu wazima na wana nyumba zao. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yake imekaa kwenye kibaraza cha gereji hiyohiyo, upande usiofikiwa na vumbi la msasa. Hadi jana, hakuwahi kugusa kitu cha injini.

Gari lililo mbele yao ni la dada mmoja muuza maziwa. Ni gari la zamani lenye buti refu, rangi yake ilikuwa nyeupe, sasa ni ya kubahatisha. Kila alfajiri dada huyu hukusanya lita mia tatu za maziwa kwa wafugaji wa bondeni, kisha hupanda kilima cha kilomita tisa hadi kituo cha kupozea maziwa kilichoko juu. Lango la kituo hufungwa saa mbili kamili. Anayefika saa mbili na dakika moja hurudi na maziwa yake.

Tabu ni kilima. Gari likiwa tupu hupanda bila neno. Likibeba madumu kumi na tano, hupanda kwa gea ya kwanza, dakika thelathini na nane, na rejeta ikichemka husimama katikati kupumzika. "Watu wanaotembea kwa miguu walikuwa wananipita wananisalimia," dada anasema. "Mmoja alinisalimia, akafika juu, akafanya shughuli zake, akarudi akanisalimia tena."

Mwezi huu lango limemfungia mara mbili. Kanuni ya kituo ni kwamba ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nafasi yako anapewa mwingine, na wanaosubiri nafasi ni wengi.

Alipouliza bei ya gari kubwa, ikawa sawa na mapato yake ya miezi kumi na minne. Injini kubwa zaidi ya kubadilisha, miezi sita. Mtu akamwambia, hebu nenda kwa Mluzi. Mluzi akalizunguka gari, akapiga hesabu kichwani, akamwambia mapato ya wiki tano, kazi ya siku nane. Dada akaazima pikapu ya shemeji yake kwa siku hizo nane, akamwachia fundi ufunguo.

Leo ni siku ya nane. Kesho shemeji anaihitaji pikapu yake.

Ukimsikiliza Mluzi akieleza kazi hii, utadhani mtu anaeleza namna ya kulea mtoto mlafi. "Injini inapumua," anasema. "Ile ya kawaida inavuta hewa yenyewe, kama wewe na mimi. Turbo inaisukumia hewa kwa nguvu, na nguvu hiyo inaitoa kwenye moshi ambao ulikuwa unakwenda bure. Hewa ikizidi, lazima petroli izidi. Na cheche ya plagi lazima uicheleweshe kidogo. Ukisahau moja katika hayo, umeua."

Turbo ya gari la maziwa aliitoa kwenye gari lililogongwa nyuma, katika uwanja wa vyuma chakavu. Alitumia asubuhi nzima kuchagua. Alikuwa akishika ncha ya mhimili kwa vidole viwili na kuutikisa, na uliocheza hata kidogo aliurudisha kwenye lundo. Walipomtania kwamba anachagua turbo kama mtu anayechagua mkwe, aliwajibu kwamba mkwe mbaya anarudishika kwao.

Mabomba ya kupeleka moshi kwenye turbo aliyatengeneza kwa viungo vya chuma kinene vya mtambo wa mvuke uliobomolewa, akavichomelea mwenyewe, kwa sababu bomba jembamba hupasuka likiwa jekundu kwa joto. Kipoza hewa alikitoa kwenye lori dogo. Nozeli za petroli zilitoka kwenye gari lenye injini kubwa. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, aliitoboa upande wa juu, ili oili ya turbo irudi kwa kuteremka yenyewe. "Mafundi wengi wanapotea hapo," anasema. "Wanaweka bomba jembamba, tena lenye kupanda. Oili haipandi kilima, bwana. Inarudi nyuma, gari linatoa moshi wa buluu, halafu wanasema turbo mbovu."

Na upepo, yaani hiyo hewa ya kusukumiwa? Wateja wote wanataka upepo mwingi. Mluzi hutoa presha ya nusu kilo, basi. Aliye na hamu ya zaidi humwonyesha pistoni iliyoning'inizwa kwa waya juu ya mlango wa gereji. Ina tundu katikati, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Kila mteja hudhani ni ya fundi mwingine.

Ni yake mwenyewe. Imetundikwa hapo miezi minne sasa, na hiyo ndiyo habari ambayo Mluzi alichukua muda mrefu kuisema.

Injini iliyopewa upepo ina adui mmoja mkubwa, naye mafundi humwita kugonga. Petroli huwaka kabla ya zamu yake, pistoni ikiwa bado inapanda, kwa hiyo pistoni hupigwa kichwani na moto uliotakiwa kuisindikiza kushuka. Ikipigwa mara chache, haina neno. Ikipigwa kilima kizima, inatoboka. Sauti yake ni ndogo, nyembamba, na imefichwa chini ya ngurumo za injini nzima.

Viwanda vina vyombo vya kuinasa sauti hiyo. Mluzi alikuwa na bomba la shaba, mpira na sikio. Aliendesha gari kupanda kilima huku mpira umo sikioni, akisikia inagonga mara moja tu anaondoa mguu, anashuka, anazungusha distributa unywele mmoja kuichelewesha cheche, anapanda tena. Kwa njia hiyo alifunga turbo kwenye magari mia mbili na kitu, na hakuunguza hata moja. Mafundi wa mitaa mingine walikuwa wakimletea magari yao ayasikilize, kisha wanaondoka nayo. Alikuwa akijivunia sana jambo hilo, na hafichi.

Miezi minne iliyopita alimfungia turbo dereva mmoja wa teksi. Alipanda kilima mara tatu, mpira sikioni, akasikia injini tamu, laini, haina neno. Akakabidhi gari. Siku ya pili likarudi likivutwa kwa kamba, pistoni ya tatu imetoboka.

"Nikamwambia ni petroli mbovu," Mluzi anasema. Anaitazama mikono yake. "Nilimtafutia injini nyingine kwa gharama yangu, nikaifunga, hakulalamika. Ila nilisema petroli. Nikaisema mbele za watu, kwa sauti kubwa. Wakaniamini wote."

Si wote walioamini. Mkewe alikuwa na birika.

Ni birika la kawaida, lile linalopiga mluzi maji yakichemka. Asubuhi moja aliliinjika, akatoka kuanika nguo, akamwachia mume. Alipokuwa uani alilisikia likilia, akangoja litolewe. Likalia. Likaendelea kulia. Akarudi mbio akamkuta mumewe ameketi hatua mbili kutoka jikoni, gazeti mkononi, ametulia kabisa, na birika linapiga kelele kama limechomwa mwiba.

"Nikasimama mlangoni, nikamwangalia," Mama Mapacha anakumbuka. "Nikasema, ehee. Kumbe hanidharau. Miezi yote hii namwita, haitiki, nanuna, kumbe mwenzangu hasikii. Nililia siku hiyo. Nililia kwa huruma na kwa aibu ya kununa kwangu."

Alimburuza kwa mpima masikio. Huyo alimfungia Mluzi kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio. Alipotoka, alidhani amefaulu.

"Sauti nzito unazo zote," mpima masikio akamwambia. "Sauti nyembamba zimeshakuaga."

"Zimeniaga lini?"

"Zamani. Wewe ndiye hukuitikia."

Ni kazi ya miaka thelathini na mmoja ya nyundo, msasa wa umeme na eksozi zilizokatwa, bila hata pamba sikioni. Sauti ya pistoni inayogonga ni nyembamba. Mluzi wa turbo nao ni mwembamba. Alipofikiri vizuri, fundi huyu alitambua kwamba hakumbuki mara ya mwisho kuusikia.

"Watu wanadhani ukiwa kiziwi unasikia kimya," anasema. "Mimi naisikia injini vizuri tu, mpaka inanifurahisha. Tabu ni kwamba nisichokisikia, sijui kama kipo."

Je, aliacha kazi? Thubutu! Alitundika ile pistoni mlangoni, akajiambia atakuwa mwangalifu, na kwa miezi kadhaa akakwepa kazi za turbo kwa visingizio. Leo mgongo unauma, kesho vipuri havijafika. Alibadilisha breki na klachi, akanyamaza. Kisha akaja dada wa maziwa na shida yake ya lango la saa mbili, na Mluzi akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Wiki tano za mapato, siku nane."

"Nilimhurumia," anasema. Halafu anaongeza, "Na nilitaka kuwa Mluzi tena. Nisidanganye."

Siku ya sita kazi yote ya chuma ilikuwa imekwisha. Ilibaki kusikiliza. Mchana, kwenye kibaraza, mkewe alimmiminia chai akaketi mbele yake ili aone midomo yake vizuri.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinichezee, Baba Mapacha. Umemwambia?"

"Nitapanda polepole. Nitaangalia plagi."

"Plagi inakwambia yaliyokwisha kutokea. Yule mtu ana gari moja. Akiunguliwa huyu, utamtolea nini? Petroli tena?"

Neno hilo lilimkata. Anasema chai ilimshinda. Jioni muuza maziwa alipopita kuona gari lake, alimvutia kigoda.

"Dada, hebu keti kidogo."

"Fundi akisema keti, ujue bei imepanda."

"Si bei. Ni masikio yangu. Hayafanyi kazi. Ile sauti ya hatari siisikii tena. Lile gari la teksi, haikuwa petroli. Ilikuwa mimi."

Dada hakuketi. Alilizunguka gari lake, lililokuwa limetolewa matumbo, mabomba mapya yanang'aa kati ya vyuma vizee. "Ulijua tangu siku ile nimekuja?"

"Nilijua."

"Ukanitobolea sampu huku unajua?"

"Nilitoboa huku najua."

"Sasa mimi nifanyeje, fundi? Nilifunge kamba nilivute? Mtondo shemeji anachukua pikapu yake. Ukiking'oa kila kitu leo, nitabaki na gari lenye tundu chini na kilima kilekile!" Sauti yake ilipanda hadi fundi matairi akaacha kuziba mpira. "Ningekuwa mwanamume ningekutandika."

"Nitandike," Mluzi akasema, na wanaosimulia wanasema hakuwa anatania.

Hapo ndipo cherehani ikanyamaza kibarazani.

"Mimi nasikia," akasema Mama Mapacha.

Wakamgeukia. Akasema tena, taratibu, huku akitoa pini mdomoni. Yeye akiwa jikoni husikia sindano ya cherehani ya jirani ikiwa butu. Husikia uzi kabla haujakatika. Kwa nini asisikie hiyo sauti yao, mtu akimwonyesha inafananaje?

"Mke wangu, hii si cherehani," Mluzi akasema.

"Kitu kinapanda, kitu kinashuka, kwa kasi, na kikikosea zamu kinavunjika. Tofauti iko wapi? Uchafu tu."

Dada wa maziwa alicheka. Hakutaka kucheka, anasema, lakini kilimtoka. Kisha akasema sawa, ila siku ya kujaribu na yeye atakuwemo ndani ya gari. Kama ni kuungua, aone kwa macho yake.

Siku ya saba ikawa siku ya shule. Mluzi alichukua pikapu yake kuukuu, ambayo hata ikifa hakuna atakayevaa nyeusi, akaiwahisha cheche makusudi ili injini igonge. Akafunga bomba la shaba, akampa mkewe mpira, wakapanda kilima. Mara ya kwanza mama alisikia kelele tupu. Mara ya pili akasikia kelele za aina mbili. Mara ya nne akamshika mumewe mkono.

"Hiyo! Hiyo hapo! Kama vifungo vinamwagika kwenye sinia la bati!"

Mluzi alisimamisha gari kando ya barabara. Kwa miaka thelathini hakuwahi kupata maneno ya kuieleza sauti ile, na sasa mtu ambaye hajui plagi wala gasketi alikuwa ameipatia jina kwa siku moja. Anasema alifurahi, na palepale akaona wivu, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Wakapatana ishara. Akisikia kifungo kimoja, anampiga mumewe kofi moja begani. Vifungo vikimwagika, kofi mfululizo, na mguu utoke kwenye akseleta bila mjadala.

Ndivyo tunavyorudi asubuhi hii ya siku ya nane. Mluzi anatoka uvunguni, anajifuta mikono. Madumu kumi na tano yamejazwa maji yafikie uzito wa maziwa. Muuza maziwa anajipenyeza kati ya madumu hayo, magoti yakimgusa kidevu. Mama Mapacha anakunja shati la mteja, anachomeka sindano kwenye kola ya gauni lake. Fundi matairi anawapungia kama watu wanaosafiri mbali. Gari linaondoka.

Yaliyotokea kilimani wameyasimulia wote watatu, kila mmoja kwa namna yake, na yanalingana.

Kilomita mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Gari lilishika gea ya pili, kisha ya tatu, jambo ambalo halijawahi kulifanya kwenye mlima huo likiwa na mzigo. Dada wa maziwa aliona miti inarudi nyuma kwa kasi akaanza kupiga makofi. Mluzi aliisikia injini ikinguruma chini yake, nene, imeshiba, inavuta. Anasema ilikuwa tamu kuliko gari lolote alilowahi kulifunga.

Kwenye kona ya pili, penye mwinuko mkali, kofi likatua begani. Moja. Likafuata la pili.

Hakuondoa mguu.

Amelikiri hilo mwenyewe, bila kuulizwa. "Nilisikiliza. Nikasikia injini nzuri. Nikasema moyoni, huyu bado mgeni, ameshtuka kona. Sekunde moja tu, labda mbili. Mimi Mluzi, naambiwa na fundi nguo!"

Makofi yakawa mvua. Kisha mkewe akamfokea kwa sauti nzito, ile ambayo bado anaisikia, "Toa mguu! Vifungo vinamwagika, toa mguu!"

Akautoa.

Alisimama penye mawe kando ya barabara, akazima injini, akangoja ipoe kidogo. Akafungua plagi ya kwanza: safi. Ya pili: safi. Ya tatu aliitoa akaigeuza juani. Kwenye kauri nyeupe ya plagi kulikuwa na vitone vidogo vinavyometameta, kama mtu aliyenyunyiza unga wa fedha. Mluzi anavijua. Ni pistoni yenyewe, ndiyo inaanza kuyeyuka.

Aliketi juu ya jiwe, plagi mkononi. Dada wa maziwa alishuka, akauliza kuna nini. Akamwonyesha.

"Kilima kizima ningekimaliza hivi," akasema. "Tungefika juu tunacheka. Na kesho ungekuja unavutwa."

"Lakini hukukimaliza," dada akasema.

"Si mimi."

Alipoinua uso, mkewe alikuwa bado ndani ya gari, mpira sikioni, anamngoja. Mluzi alimwendea. Mbele ya mteja, mbele ya vijana wawili waliosimama kushangaa gari lisilo na boneti, alimwambia, "Mama Mapacha, nisamehe. Ulinipiga, nikakuona huna akili."

"Nilijua," akasema mkewe. "Ndiyo maana nikaongeza nguvu."

Kilichobaki kilikuwa ufundi, na ufundi anao. Alilegeza distributa, akairudisha nyuma unywele mmoja, akaikaza. Akabadilisha plagi ya tatu. Akapunguza upepo kidogo. Wakateremka hadi chini, wakapanda upya. Kona ya pili: kofi moja. Wakateremka, akarudisha unywele mwingine. Mara ya tatu walipita kona ya pili, ya tatu na ya nne, na bega la Mluzi halikuguswa. Mara hiyo hakuisikiliza injini hata kidogo. Jicho moja lilikuwa barabarani na jingine kwenye mkono wa mkewe, uliotulia juu ya paja.

Walifika kwenye lango la kituo kwa dakika kumi na nne. Mlinzi aliwauliza wameleta nini. Maji, wakamwambia, na wote watatu wakashikwa na kicheko hadi mlinzi akafikiri wamelewa.

Wiki sita zimepita. Dada wa maziwa hajafungiwa lango hata mara moja, na ameongeza madumu mawili. Mluzi amepunguza mzigo mwingine, wa moyoni. Alimfuata dereva wa teksi nyumbani kwake, akamweleza kweli. "Akaniambia alijua," Mluzi anasema. "Petroli ileile alikuwa amelijazia na gari la mke wake, na gari la mke wake linatembea hadi leo. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Miezi minne yote, na kila siku ananisalimia!"

Pistoni iliyotoboka bado inaning'inia mlangoni. Wateja wakiuliza ni ya nani, sasa anajibu.

Kazi za turbo zimerudi, na kila gari linapandishwa kilimani na watu wawili. Mama Mapacha hana mpango wa kuacha cherehani. Anasema magari yana kelele na hayana shukrani, na nauli yake ya kilima ni nusu siku ya mapato ya fundi, haipunguzwi. Kwa upande wake, Mluzi amekwisha kuchagua chombo cha kusaidia kusikia kwa mpima masikio, sikio moja kwanza, na anakiwekea akiba kidogo kidogo. Aliambiwa hakitarudisha kila kitu. Huenda kikarudisha birika. Kugonga kwa pistoni, hapana ahadi.

"Nataka kitu kimoja tu," anasema. "Niusikie mluzi. Mara moja tu nikiwa na akili timamu, nijue huu ndio walioniitia jina."

Saa moja na dakika ishirini na tano, kila asubuhi, gari la maziwa hupita mbele ya gereji likianza kupanda kilima. Mluzi husikia ngurumo ikikaribia, huweka spana chini, hutoka nje akasimama kando ya cherehani. Gari linapita, buti limelala chini kwa mzigo, dada anapiga honi na mkono unatokea dirishani. Linakata kona, linashika gea ya tatu.

"Vifungo?" Mluzi anauliza.

"Hamna."

"Na mluzi? Umelia?"

Mama Mapacha anatoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye kola. Kisha anauiga mluzi ule kooni, kwa sauti nzito ya chini kabisa, pale ambapo mumewe bado anasikia, anaupandisha taratibu jinsi ulivyopanda, hadi gari linapotelea juu ya kilima.